Mkagua Miguu wa Ihumwa

Funza alifika Ugogo kwa miguu, ila si kwa miguu yake. Waliojua habari zake walisema alishuka melini upande wa machweo, kwenye bahari ambayo hakuna Mgogo aliyewahi kuiona, akaingia vidoleni mwa wapagazi wa Kongo, na tangu hapo akawa anasafiri bure, mguu hadi mguu, mpaka Ujiji, mpaka Tabora, akiifuata njia kuu ya misafara kama mtu aliyeelekezwa. Wakati huo Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Kilimatinde na kupiga marufuku hongo, ile ada ambayo Wagogo walimtoza kila mpita njia aliyekunywa maji yao. Misafara ikawa haikai tena kubishana visimani. Ilipita haraka, na funza akapita nayo.

Matonya wa Ihumwa alimwona kabla ya wenzake. Alikuwa amekwenda magharibi kumtembelea binti yake Mbeleje, aliyeolewa upande wa Kilimatinde, akakuta kijiji kizima kinatembelea visigino. Watu wazima walitambaa kwenda kisimani. Mashamba ya uwele yalijaa magugu, wala si kwa uvivu, maana mtu aliyeoza vidole hawezi kusimama na jembe kutwa. Mzee mmoja alimwonyesha mguu wake bila kuombwa, na Matonya, ambaye alikuwa ameona vita na njaa bila kukosa hamu ya kula, siku hiyo hakula.

Mbeleje mwenyewe alikuwa mzima bado. Baba yake alitaka kurudi naye, lakini mke wa watu hachukuliwi kama kibuyu kilichosahauliwa. Alikuwa na mume, na mume hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuishi magharibi. Basi Matonya alirudi Ihumwa peke yake, na njia nzima alikuwa na wazo moja tu, kwamba mdudu huyu asivuke korongo lao, lile lililoitenga Ihumwa na njia ya magharibi.

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba Matonya alikuwa mbishi. Si ule ubishi wa pombeni, unaokwisha kibuyu kinapokwisha. Wake ulikuwa ubishi wa mtu mkavu, asiyepaza sauti, anayerudia neno lile lile mpaka wenzake wachoke. Wazee walipokutana walimwambia kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwamba kumfungia mtu njia ni kujitafutia balaa kwa Mdachi.

"Apone, sawa," Matonya akajibu. "Ndiyo maana tumtazame mguu kwanza."

"Na maji?"

"Maji atapewa. Nani kasema anyimwe?"

Walipochoka, wakakubali. Wakakata matawi ya mgunga yenye miiba wakayapanga ukingoni mwa korongo, kutoka jabali la juu hadi jabali la chini, wakaacha uwazi mmoja tu. Misafara ikaambiwa ilale ng'ambo, na ikachimbiwa visima vyake kwenye mchanga wa upande wa chini. Wanawake waliokwenda kuuza unga na maziwa ya mgando waliweka vyombo chini, wakarudi nyuma, na mnunuzi akaja kuchukua. Mtu aliyekuwa na haja ya kuingia kijijini aliketi juu ya jiwe penye uwazi na kuinua mguu. Matonya alichuchumaa, akauosha, akatazama kati ya vidole na chini ya kucha, halafu akasema moja ya maneno mawili: "Pita," au, "Rudi."

Basi Ihumwa ikapata jina njiani. Wapagazi walitunga nyimbo za matusi kuhusu mzee anayenusa miguu ya watu. Mfanyabiashara mmoja wa pwani, mwenye kilemba kikubwa, aliapa kwamba hajawahi kumwonyesha mtu unyayo wake tangu atahiriwe, akalala ng'ambo na kilemba chake. Matonya hakucheka wala hakukasirika. Kila jioni alikagua miguu ya mke wake na ya kwake, na mwanzoni alizunguka pia kwa majirani, ila aliacha, maana hakuwahi kukuta kitu.

Siku moja akaja askari wa boma, amevaa viatu, amechoka na jua.

"Mzee, bwana mkubwa amesikia mnafunga njia. Hongo ilikwisha. Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa. Hapa hatuchukui kitu."

"Basi mnafunga nini?"

"Vua viatu nikuonyeshe."

Askari alitaka kugombana, lakini kwa kuwa vidole vilikuwa vinamwasha tangu alipoondoka Kilimatinde, akavua. Matonya akamwonyesha kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe, pembeni mwa kucha ya kidole gumba.

"Rudi," akamwambia.

Askari alikunywa maji ya ng'ambo kama wengine, akaondoka. Alisema nini huko bomani, hakuna aliyejua, ila hakuletwa mtu wa pili, na Ihumwa ikaendelea kutembea kwa nyayo nzima. Matonya alijiona mtu wa maana. Alikuwa na haki ya kujiona hivyo, na laiti hadithi ingeishia hapo angekufa akijisifu.

Baada ya mavuno, mdogo wa mkwe wake alifika kutoka magharibi na mbuzi. Ilikuwa sehemu ya mwisho ya mahari ya Mbeleje, iliyocheleweshwa na ukame. Kijana aliketi juu ya jiwe bila kuambiwa mara mbili, akainua mguu, na mguu ulikuwa safi. Alikuwa anajipaka tumbaku iliyosagwa kila jioni, na alijivunia jambo hilo.

"Pita," akasema Matonya.

Akapita yeye, na mbuzi wakapita nyuma yake. Wanawake wakapiga vigelegele.

Kwa watu wa Ihumwa, mbuzi wa mahari hainuliwi mguu. Anatazamwa kwa macho, anasifiwa rangi na pembe, anaimbiwa hata akitakiwa, lakini baba anayemshika kwato kumtafutia kasoro anasema kwamba binti yake aliuzwa, na kasoro anayoitafuta kwa mbuzi ataikuta kwenye tumbo la binti. Jambo hili lilijulikana na kila mtu kiasi kwamba halikuhitaji kusemwa. Mbuzi jike mmoja alikuwa anachechemea. Matonya alimtazama kwa huruma, akasema, "Njia ndefu," akamtengea nafasi ndani ya tembe yake ya udongo, pembeni mwa mafiga, pamoja na wengine wadogo, mahali penye joto na vumbi laini.

Tuseme waziwazi, maana hakuna faida ya kuficha. Funza alivuka korongo la Ihumwa mchana kweupe, kwa vigelegele, mbele ya macho ya mtu aliyewekwa kumzuia.

Mwezi ulikuwa haujaisha Mbeleje alipokuja. Alikuwa na mimba ya kwanza, na uzazi wa kwanza hufanyika kwa mama. Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi zake wote, na kondo la nyuma huzikwa ndani ya nyumba, chini ya mahali anapolala bibi, ili mtoto popote atakapokwenda ajue alikotoka. Mume wake alimkabidhi kwa msafara mmoja uliotoka Tabora, wenye wanawake ndani yake, wamfikishe salama. Wakamfikisha, akitembelea visigino.

Alishuka korongoni taratibu, tumbo mbele, fimbo mkononi. Habari za jiwe zilikuwa zimemfikia zamani, kwa hiyo hakuuliza. Akaketi.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mwanangu."

Akainua mguu. Matonya akauosha, ingawa hakukuwa na haja ya maji. Alikiona alichokuwa anakiogopa tangu Kilimatinde. Vidoa vyeusi, na kila kidoa kimezungukwa na uvimbe mweupe wa ukubwa wa punje ya mtama, na kando yake mashimo ya wale waliokwisha kutoka. Akauosha na wa pili. Hapakuwa na tofauti.

Nyuma yake watu walikuwa wamekusanyika, maana mtoto wa kijiji akirudi na tumbo hakuna anayebaki shambani. Jirani mmoja, ambaye shemeji yake alirudishwa penye jiwe lile lile akalala nje na homa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mkuki kwa nguruwe."

Hakumalizia. Kila mtu alikuwa ameshaumalizia moyoni.

"Naweza kupita, baba?" Mbeleje akauliza.

Matonya alimpenda mtoto huyu kuliko ng'ombe, na Mgogo hasemi hivyo kwa mzaha. Alitamani jirani asingekuwepo. Alitamani yeye mwenyewe asingekuwa na macho. Kama angesema "Pita," hakuna ambaye angemlaumu usoni, na kesho yake kila mwenye mtoto, mwenye mpwa, mwenye shemeji angedai apitishe wake, na keshokutwa Ihumwa ingekuwa inatambaa kwenda kisimani. Aliyafikiri yote haya akiwa ameushika mguu wa binti yake mkononi.

"Rudi," akasema.

"Nirudi wapi?"

"Hapo juu ng'ambo, kwenye mchanga safi, ambapo misafara hailali. Mpaka miguu ipone."

"Na huyu aliye tumboni nimwambie asubiri?"

Mbeleje akasimama kwa kuishika fimbo, akarudi alikotoka, na watu wakatawanyika bila kutazamana.

Mke wa Matonya alikuwa anasaga unga habari zilipomfikia. Aliteremka na unga mikononi mpaka viwiko.

"Baba Mbeleje, nasikia umemrudisha mtu."

"Mwenye funza."

"Hana jina?"

Mama Mbeleje akapanda mpaka kwenye tembe yake, akachukua chungu, kibuyu cha mafuta ya samli na ngozi ya kulalia, akateremka tena mpaka penye uwazi.

"Nikivuka, nikirudi utanikagua?"

"Nitakukagua."

"Basi sirudi."

Akavuka. Watu wakadhani ni hasira za siku moja. Mama Mbeleje akawakatia kibanda cha matawi, akazungusha miiba upande wa kambi ya misafara, na kila asubuhi akafagia mchanga na kuumwagia maji. Maji na ufagio alifundishwa na Mwamvua, mwanamke wa pwani aliyekuwa anawapikia wapagazi wa msafara ule uliomleta Mbeleje. Msafara ulikwama pale kwa kuwa wapagazi wengi walikuwa wameshikwa na homa, na Mwamvua, ambaye hakuweza kukaa bure hata kwa kulipwa, akapanda kila siku kibandani na mwiba wake.

"Usimpasue," alimwambia Mbeleje, ameuweka mguu wake mapajani. "Ukimpasua umemzalisha humo humo. Zungushia mwiba pole pole, hivi, mpaka atoke na mfuko wake mzima. Haya, sasa kaanga." Akamtupa motoni, ukasikika mlio mdogo. Shimo akalijaza majivu na tumbaku.

Mbeleje alijifunza haraka. Kwa kuwa tumbo lilimzuia kufikia miguu yake, alijifunzia kwenye miguu ya mama yake, ambayo haikuwa na kitu bado, akimchora tu kwa ncha ya mwiba na wote wawili wakicheka. Walikuwa na furaha pale nje, jambo ambalo Matonya aliliona kutoka upande wake na halikumfurahisha.

Siku moja Mwamvua akauliza, "Na mbuzi wenu mnawatazama?"

"Kuwatazama nini?" akauliza Mama Mbeleje.

"Kwato. Huko Tabora tulikotoka wanaanza na mbuzi na mbwa. Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Mama Mbeleje akashuka mpaka penye miiba na kumwita mume wake. Alimweleza kwa sauti ya chini yale aliyosema mwanamke wa pwani, na akamkumbusha yule mbuzi anayechechemea.

Matonya alimtazama kana kwamba amemwambia amtemee mate bintiye.

"Unataka niinue kwato za mahari yake? Sasa hivi? Na tumbo limefika hapo lilipofika?"

"Sijasema nataka. Nimesema alichosema."

"Yeye ni wa pwani. Hajui mahari ni nini. Akizaa mtoto bila mguu, nitamjibu nini mume wake? Nitajijibu nini mimi?"

Mama Mbeleje hakubisha, kwa kuwa na yeye aliogopa. Huo ndio ulikuwa ukweli wao wote wawili. Kwa kumpenda Mbeleje walimwacha mbuzi yule alale alipolala. Mtu mwingine yeyote duniani angemshika mguu na kumaliza maneno.

Uchungu ulimshika Mbeleje mchana, jua likiwa kichwani, siku ambayo hata kunguru walijificha. Wanawake wa kijijini waliteremka kwa wingi. Wakubwa wao walivuka, wakijua watakaguliwa wakirudi, wakashika ngozi juu yake kumkinga jua. Matonya alisimama penye uwazi, upande wake. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Alimsikia binti yake akilia, akamsikia Mwamvua akimpa moyo kwa Kiswahili na mke wake kwa Kigogo, na yeye akawa anahamisha uzito toka mguu huu kwenda ule, akiukuna wa kulia kwa kisigino cha kushoto bila kujua anachofanya.

Ilipolia sauti ndogo, mwanamke mmoja akapaza, "Mwanamke! Mzima!"

Matonya akashukuru kwa sauti, tena mara nyingi. Halafu akaona wanawake wawili wakichimba mchanga kando ya kibanda, na akajua wanazika nini. Wasingeweza kufanya vinginevyo. Nyumba ya kulizikia kondo ilikuwepo, inaonekana kutoka pale walipochimba, na aliyeifunga alikuwa yeye. Masika yangekuja, korongo lingepanda, na maji yangelichukua kondo lile mpaka huko yanakokwenda maji. Aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona, hata alipozika wazazi wake.

Asubuhi yake, alipoamka peke yake ndani ya tembe, mguu ulikuwa unamwasha. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa siku kadhaa alikuwa amejiambia kwamba ni mchwa, au ni mchanga, au ni uzee, maana muwasho huo una utamu fulani na mtu huweza kukaa nao kama na uraibu wa ugoro. Tangu mke wake avuke, hakuwa amejikagua. Mkagua miguu hajikagui peke yake gizani; alimhitaji mke wa kushika kijinga cha moto. Sasa akatoka juani, akaketi, akainua mguu wake kama alivyozoea kuwainulisha wengine.

Hakuhitaji kutazama mara mbili.

Aliingia ndani akamvuta yule mbuzi anayechechemea, akambana katikati ya magoti, akainua kwato. Mtoto alikuwa amezaliwa, na miguu yake ilikuwa mizima. Hapakuwa tena na tumbo la kulinda. Kati ya kwato palijaa kama suke la uwele. Akamtazama wa pili na wa tatu, kisha akaacha kutazama. Aliketi kwenye lile vumbi laini, ambalo sasa alijua limebeba nini.

Tunamjua kuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo. Alikwenda tembe kwa tembe akiwaambia watu ameleta nini kijijini na ameleta vipi. Alitarajia matusi. Alichokuta kilimshangaza zaidi. Jirani yake, yule wa mkuki kwa nguruwe, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akanyoosha mguu wake kutoka chini ya ngozi. Ulikuwa umeshaoza kidole kimoja.

"Tangu lini?" akauliza Matonya.

"Kabla ya binti yako kufika."

"Na ulinyamaza?"

"Ningekwambia, ungesema nini? Ungesema 'Rudi.' Mimi nimezaliwa hapa. Nirudi wapi, Matonya?"

Nyumba ya tatu ilikuwa hivyo hivyo, na ya nne. Watoto wao walikuwa wanacheza na mbuzi wake. Watu walichokonoana kwa siri, wakipasua mifuko bila ujuzi, wakasema ni miiba imewachoma. Waliogopa jiwe kuliko funza.

Wazee wakakutana, safari hii kwa muda mfupi. Hakukuwa na cha kuzuia tena, kwa hiyo miiba ichomwe na jiwe livingirishwe korongoni. Mmoja akamwambia Matonya kwa wema, "Angalau sasa binti yako aingie."

Ndipo likaja jambo ambalo Matonya aliliona aibu baadaye. Alifurahi. Alitoka barazani akiwa na furaha ya kijana. Kijiji chake kilikuwa kimeingiliwa, yeye mwenyewe alikuwa anachechemea, na hata hivyo moyo wake ulikuwa mwepesi kwa kuwa mjukuu wake, ambaye hakuwa amemwona hata uso, angelala usiku huo nyumbani. Alichukua ngozi laini ya ndama aliyokuwa ameitunza kwa ajili hiyo, akaipiga vumbi, akateremka.

Mbeleje alimwona anavyotembea kabla hajafika. Akamwachia mama yake mtoto kibandani, akaja mpaka penye miiba. Yeye alikuwa anakanyaga vizuri. Mashimo yalikuwa yamekauka.

"Umepata, baba."

"Nimepata. Kijiji kizima kimepata."

"Kaa hapo."

Akakaa. Mbeleje akachuchumaa upande wake wa uwazi, akauvuta mguu wa baba yake, akatoa mwiba nyweleni. Alizungushia pole pole, bila kumwonea huruma na bila kumuumiza, mpaka mfuko ukatoka mzima, kisha wa pili, kisha mwingine. Alijaza mashimo majivu. Matonya alitazama utosi wa binti yake ulioinama, akaona fahari na huzuni kwa pamoja.

"Sasa yamekwisha," akasema. "Wazee wameamua tuondoe miiba. Hakuna wa kukurudisha. Twende nyumbani." Akamwonyesha ngozi ya ndama.

Mbeleje alitazama tembe zilizotapakaa kule juu.

"Zote zina funza?"

"Zote. Ya kwetu kuliko nyingine."

"Na nitamlaza wapi?"

"Kwa bibi yake, pembeni mwa mafiga, pale..."

"Hajakanyaga chini bado, baba," akasema Mbeleje. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Miguu yake haina kitu. Mimi na mama tutakaa huku. Tutajenga juu zaidi, maji yasipofika. Mtu akitaka kuja kumwona, tutamtazama mguu."

Baba angeweza kuamuru. Alikuwa na haki hiyo, na neno la kuamuru lilikuwa limeshafika mdomoni. Alimtaka mtoto yule nyumbani mwake kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini maneno aliyoyasema binti yake alikuwa ameyasema yeye kwa wazee, yote, tena kwa ubishi zaidi, na hakupata hata moja la kuyapinga.

"Mwanamke wa pwani anasema inawezekana kumtoa," Mbeleje akaongeza. "Maji kila siku, majivu, na mbuzi wasilale ndani. Inachukua muda. Mkiweza, nitakuja."

"Mbuzi wasilale ndani," akarudia Matonya.

"Hata wa mahari yangu."

Matonya akaiweka ngozi ya ndama chini, halafu akakumbuka kuwa ililala ndani ya tembe yenye funza, akaiokota tena. Akasimama. Akaenda kwenye tawi la kwanza la miiba.

Mgogo akifunga boma la ng'ombe, vitako vya matawi, yaani upande yalikokatwa, huviweka upande wake, ili avute na kufungua atakapo, na ncha zenye miiba humwelekea wa nje. Miiba ya Ihumwa ilikuwa imepangwa hivyo, vitako kijijini, ncha kwa wageni. Matonya akaligeuza tawi. Akageuza la pili. Wazee waliokuja kuichoma walisimama na vijinga vyao mikononi wakamtazama, na hakuna aliyemsaidia wala kumzuia. Mikono ilimtoka damu. Alipofika jabali la juu, mbele ya kibanda, vitako vyote vilikuwa upande wa binti yake, na yeye alikuwa amesimama kwenye ncha.

Mama mmoja wa jirani akateremka na kibuyu cha maziwa, akiwa na haraka ya kumwona mtoto.

"Weka hapo," Matonya akamwambia. "Rudi."

Alikuwa analia, na hakujisumbua kugeuza uso.

Mama Mbeleje alitoka kibandani na mtoto mikononi. Alikuja mpaka mahali ambapo maziwa yaliwekwa kwa wageni siku zote, hatua zile zile ambazo Matonya mwenyewe alizipima na kuamuru zisivukwe, akasimama hapo. Hakumsogelea zaidi. Akaifunua miguu ya mtoto, akaigeuza juani, mmoja halafu mwingine, ili babu aone vidole vyote.

Matonya alivitazama kutoka alipokuwa.

"Ni mizima," akasema. "Mrudishe kivulini."